Mwandiko Uliopewa Wenyewe Wengine: Vibao vya Udongo vya Wagiriki wa Kale

Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa daftari la hesabu na familia moja inayoishi Muscat. Daftari hilo lilitoka Unguja mwaka 1964, chini ya nguo, ndani ya sanduku la mbao, na tangu siku hiyo halikupata mtu wa kulisoma. Mjukuu wa nyumba alilipeleka kwanza kwa mtaalamu wa hati za Kiarabu, ambaye hatuna haja ya kumtaja, naye akaandika juu ya bahasha kwamba ni Kiarabu kibovu cha mtu asiye na elimu. Tulipolifungua, mstari wa kwanza ulitosha. Hakikuwa Kiarabu kibovu, kilikuwa Kiswahili kizuri kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu: nazi, karafuu, mtama, pishi, na jina la shamba.

Tulicheka sote pale sebuleni. Lakini usiku tulipokuwa peke yetu tulikumbuka kisa kikubwa zaidi cha namna hiyo, tulichokisoma ujanani na ambacho hakijatutoka: kisa cha maandishi ya Wagiriki, ambao Waarabu na wazee wetu waliwaita Wayunani, yaliyokaa zaidi ya miaka hamsini yakihesabiwa kuwa ya watu wengine kwa sababu mkubwa mmoja alikwisha kusema hivyo. Kwa kuwa wengi wa wasomaji wa jarida hili wana madaftari na barua makabatini, tumeona kisa hiki kinawahusu, ingawa kilitokea mbali na kwetu.

Arthur Evans, Mwingereza mwenye mali na elimu, alianza kuchimba Knossos, katika kisiwa cha Krete, mwezi wa Machi 1900. Haukupita muda vibao vya udongo vikaanza kutoka ardhini, vingine vipana kama ukurasa, vingine virefu na vyembamba mfano wa ukuti. Evans alitambua aina mbili za mwandiko zilizochorwa kwa mistari. Wa kale zaidi akauita Mistari A, na uliofuata akauita Mistari B, nao ndio uliokuwa mwingi. Aliyoyaona Knossos, majumba na picha za ukutani, yalimfanya aamini kwamba Krete ilikuwa na dola ya watu wake, akawaita Waminoa kwa jina la Minos, mfalme wa hadithi, na kwamba watu hao ndio waliotawala hata bara la Ugiriki. Mycenae, ambako Heinrich Schliemann alifukua makaburi yenye dhahabu mwaka 1876, kwake ilikuwa koloni tu la Krete. Kwa hesabu hiyo Mistari B haikuweza kuwa Kigiriki. Lugha yake ilihukumiwa kabla haijasomwa.

Na ushahidi ulimpitia mkononi. Katika kibao kimoja cha Knossos kulikuwa na vichwa vya farasi vimechorwa, na kimoja hakikuwa na shungi, kama cha mwana farasi. Kando yake zilikuwapo alama mbili zinazofanana na zile za kisiwa cha Kupro, ambako Wagiriki wa zama za baadaye waliandika lugha yao kwa silabi, na mwandiko huo wa Kupro ulikuwa umekwisha kusomwa tangu miaka ya 1870. Kwa matamshi ya Kupro alama zile mbili ni po-lo, na kwa Kigiriki mwana farasi ni polos. Evans aliliona hilo, akalikataa, akasema ni sadfa. Hatumlaumu kwa kukosea, maana kila mwanahistoria hukosea. Tunachomlaumu ni kwamba vibao vingi alivikalia. Alifariki mwaka 1941, na sehemu kubwa ya vibao vya Knossos haikuchapishwa mpaka mwaka 1952. Muda wote huo wengine walitakiwa kukubali kauli yake bila ya kuviona.

Walikuwapo waliobisha. Mwingereza Alan Wace na Mmarekani Carl Blegen walishikilia kwamba watu wa Mycenae walikuwa na ustaarabu wao wenyewe. Blegen ndiye aliyeleta tatizo jipya. Mwezi wa Aprili 1939 alianza kuchimba Pylos, kusini magharibi ya Ugiriki, na mtaro wake wa kwanza ukapita sawasawa juu ya chumba cha kumbukumbu za jumba la mfalme. Msimu ule mmoja alipata vipande vya vibao karibu 600, vyote vya Mistari B, na hapo si Krete tena, ni Ugiriki bara. Wafuasi wa Evans walikuwa na majibu: labda ni ngawira iliyotekwa Krete, labda makarani walichukuliwa kutoka huko. Kisha vita vikaja, vibao vikafungiwa benki Athens, na havikuchapishwa mpaka mwaka 1951, kwa kazi ya Emmett Bennett.

Mtu tunayempenda zaidi katika kisa hiki ni Alice Kober, mwalimu wa Kilatini na Kigiriki katika chuo cha Brooklyn, New York. Mchana alifundisha, usiku alikaa na vibao. Karatasi ilikuwa adimu wakati wa vita, basi alikata kadi kutoka chochote alichopata, migongo ya kadi za salamu na vikaratasi vya maktaba, akaziweka katika makasha ya sigara. Zilifika 180,000. Kober alikataa kukisia lugha. Alisema kwanza tuone mwandiko wenyewe unakwendaje, na kutoka hapo akaonesha kwamba maneno yale yalikuwa yakibadilika miisho kwa utaratibu.

Njia yake msomaji wa Kiswahili ataielewa upesi kuliko Mwingereza. Tuseme mgeni asiyejua neno la Kiswahili anapewa maandishi ambayo kila silabi ina alama yake moja. Anakuta soma na nisome, fika na nifike, lipa na nilipe. Hajui kutamka hata alama moja, lakini anaona kwamba mwishoni alama fulani hupokezana na nyenzake kila mara. Basi atakisia kwamba ma na me zina konsonanti moja, na ka na ke vilevile, na pa na pe. Tena atakisia kwamba ma, ka na pa zina irabu moja, kwa sababu zinakaa mahali pamoja. Akizipanga katika jedwali, konsonanti upande mmoja na irabu upande wa pili, siku akijua sauti ya alama moja atazijua nyingine nyingi kwa mkupuo. Huo ndio msingi aliouweka Kober. Alifariki mwezi wa Mei 1950, akiwa na miaka 43, hakuyaona matunda yake.

Aliyeyachuma ni Michael Ventris, na huyu hakuwa mwanahistoria bali mchora ramani za majumba. Mwaka 1936, akiwa mwanafunzi wa miaka 14, alimsikia Evans mwenyewe London akieleza juu ya vibao visivyosomeka, na tangu hapo hakuliacha jambo hilo. Naye aliamini kwamba lugha ile haikuwa Kigiriki, akidhani ni jamaa wa lugha ya Waetruski wa Italia. Alilipanua jedwali, na kila alipofika mahali aliwatumia wataalamu wengine maelezo yake, tabia nzuri ambayo Evans hakuwa nayo. Mapema mwaka 1952 alijaribu jambo moja dogo: labda baadhi ya maneno ya Kober ni majina ya miji ya Krete. Alipoweka sauti chache za kukisia, jedwali likatoa a-mi-ni-so, yaani Amnisos, bandari ya Knossos. Kisha ko-no-so, Knossos yenyewe. Kisha tu-ri-so, Tulissos. Na baada ya majina ya miji yakaanza kutoka maneno ya Kigiriki, tena cha kale kuliko cha Homer. Alitangaza katika redio ya BBC tarehe 1 Julai 1952. John Chadwick, mtaalamu wa Kigiriki wa Cambridge aliyefanya kazi ya kufumbua siri za maadui wakati wa vita, aliisikia habari hiyo, akajaribu mwenyewe, akajiunga naye.

Wengi hawakusadiki mpaka ilipofika barua ya Blegen mwaka 1953. Blegen alikuwa na kibao kipya cha Pylos ambacho Ventris hakupata kukiona, akakisoma kwa jedwali la Ventris. Kilikuwa na picha za vyombo. Penye picha ya chungu cha miguu mitatu paliandikwa ti-ri-po, na vilipokuwa viwili, ti-ri-po-de. Penye chombo cha masikio manne paliandikwa qe-to-ro-we, cha masikio matatu ti-ri-jo-we, na kisichokuwa na masikio a-no-we. Neno na picha vilikubaliana, umoja kwa umoja na wingi kwa wingi. Sisi hupendezwa zaidi na karani aliyekiandika, kwa sababu hakuficha kitu: chungu kimoja amekiandika kuwa kimebakiwa na mguu mmoja, na kingine kuwa miguu yake imeungua. Kila aliyewahi kurithi sufuria za bibi yake anaijua orodha ya namna hii.

Mtu anaweza kuuliza, ikiwa ni Kigiriki, mbona wajuzi wa Kigiriki wa nusu karne hawakukiona? Jibu ni kwamba mwandiko ule haukuumbwa kwa Kigiriki. Wagiriki waliuazima Krete, ulikoandika lugha nyingine, ile ya Mistari A ambayo mpaka leo haijasomwa. Una alama za silabi zinazokaribia 90, na kila moja, isipokuwa chache, ni irabu peke yake au konsonanti na irabu. Kigiriki kimejaa konsonanti zinazogandana na maneno yanayofunga kwa s, n na r. Basi karani hana budi kuingiza irabu au kuacha herufi. Khrusos, dhahabu, akaandika ku-ru-so. Khalkos, shaba, akaandika ka-ko. L na R zina alama moja. N inayotangulia konsonanti haiandikwi: pantes, yaani wote, na pater, yaani baba, vyote vikatoka pa-te. Aliyeandika alijua anachokusudia, na aliyesoma alikuwa ofisini pamoja naye.

Hapa sisi Waswahili tunatabasamu, kwa sababu mbili. Ya kwanza, mwandiko ule ungetufaa sisi kuliko Wagiriki. Ki-ta-bu, me-za, ka-ra-fu-u, hakuna kinachopotea. Na walivyolazimika Wagiriki kufanya kwa kalamu sisi tumefanya kwa ulimi, tulipoigeuza blanketi ya Waingereza kuwa bulungeti. Sababu ya pili ni kwamba na sisi tuliazima mwandiko. Herufi za Kiarabu hazikuwa na p wala v wala ch, wala njia ya kawaida ya kutenganisha e na i, au o na u, na katika hati nyingi za zamani n na m zinazotangulia konsonanti hazikuandikwa, kama vile vile Pylos. Wanazuoni wa Mombasa wa karne ya 19 waliongeza alama ili kuziba mapengo hayo. Lakini karani wa shamba hakuwa na haja nazo, naye alijua anachokusudia. Anayeichukua karatasi yake leo akaisoma kama Kiarabu, ataona Kiarabu kibovu, na ataona vibaya.

Basi vibao vinasema nini? Waliotaraji mashairi walivunjika moyo. Si Pylos, si Knossos, wala Mycenae na Thebes, hakuna kibao chenye shairi wala barua wala habari ya vita vya Troy. Ni hesabu tupu. Mfalme anaitwa wa-na-ka. Qa-si-re-u, neno ambalo baadaye likawa ndilo la mfalme, wakati huo ni mkuu mdogo tu wa mahali, au msimamizi wa wahunzi. Knossos inahesabu kondoo karibu laki moja, kundi kwa kundi, na mchungaji wa kila kundi kwa jina lake. Pylos ina kesi ya ardhi ambayo walioshuhudia mizozo ya wakfu wataitambua mara moja: kuhani wa kike aitwaye Eritha anadai kwamba shamba alilonalo ni la mungu, kwa hadhi ya pekee, lakini watu wa mji, da-mo, wanasema ni kipande cha kawaida kama walivyopewa wengine. Karani ameziandika kauli zote mbili. Hukumu haimo.

Na yamo maneno ambayo mpishi wa Kiarabu angeyajua. Sa-sa-ma ni simsim, ufuta. Ku-mi-no ni kammun, ambayo sisi huiita bizari nyembamba. Ki-to ni vazi, na jamaa yake kwa Kiarabu ni kattan, ambalo kwetu limekuwa kitani. Maneno haya Wagiriki waliyapata kwa watu wa lugha za Kisami wa upande wa Shamu pamoja na bidhaa zenyewe, kwa biashara ya bahari. Jahazi moja la biashara hiyo lilizama Uluburun, pwani ya Uturuki, mwishoni mwa karne ya 14 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na wapiga mbizi walilichunguza kuanzia mwaka 1984 hadi 1994. Lilichukua tani 10 za shaba, tani moja ya bati, pembe za ndovu, meno ya kiboko, vyombo vya Mycenae, na magogo ya mti mweusi ambao wataalamu wameutambua kuwa ni mpingo. Hatusemi ulitoka pwani yetu, maana mpingo unaota hata Sudan na Uhabeshi, na Misri ilizoea kuupata kwa njia ya Nubia. Lakini ni mpingo.

Jambo moja halina utamu, na mwanahistoria akiliruka atakuwa amedanganya. Katika vibao vya Pylos wameandikwa wanawake karibu 750, na watoto wanaokaribia idadi hiyo. Wamepangwa kwa makundi: wasagaji, wasokotaji nyuzi, wafumaji, wanaofanya kazi ya kitani, wanaotia maji ya kuogea. Posho yao ni ngano na tini, mara nyingi kwa kipimo sawa. Makundi mengine yanaitwa kwa mahali yalikotoka, na mahali penyewe ni ng'ambo ya bahari: wanawake wa Miletus, wa Knidos, wa Lemnos. Wanahistoria wengi wanaona kwamba walitekwa au walinunuliwa. Majina yao hayamo. Kule Knossos kuna vibao vinavyotaja majina ya ng'ombe wa kulima, mmoja Mweusi, mwingine Madoa. Lakini wanawake hawa wa Pylos ni idadi, watoto wao ni idadi, na mbele yao vipimo vya ngano.

Yote haya yametufikia kwa msiba. Vibao havikuchomwa tanuuni, vilikaushwa tu, na mwaka ukiisha udongo uliweza kuloweshwa ukatumika tena. Kati ya vibao vya mwisho vya Pylos imo orodha ya watu karibu 800 waliowekwa kulinda pwani. Wengine husema ni dalili ya hofu, wengine wanaona ni zamu za kila mwaka. Karibu mwaka 1180 kabla ya Nabii Isa jumba likateketea, na moto ule ukavioka vibao vikawa vigumu kama matofali. Kwa hiyo tunayo hesabu ya miezi ya mwisho tu, ya miaka mingine hatuna. Baada ya majumba kuanguka mwandiko wenyewe ulisahauliwa, kwa sababu waliokuwa wakiujua ni makarani wachache, huko Pylos mikono thelathini na kidogo iliyotambuliwa, na jumba lilipokwisha kazi yao ilikwisha. Wagiriki walikaa bila ya maandishi kama miaka 400, mpaka walipochukua herufi za Wafoinike, wakaziita alfa na beta, ndugu za alif na be walizokuwa wakizisoma watoto wetu chuoni.

Ventris alikufa katika ajali ya gari tarehe 6 Septemba 1956, akiwa na miaka 34, wiki chache kabla ya kutoka kitabu kikubwa alichokiandika pamoja na Chadwick.

Tulirudi Muscat mara tatu kwa ajili ya daftari lile. Mara ya tatu tulifika kwenye ukurasa wa mwaka 1309 wa Hijria, ambao ni 1891 na 1892, miaka michache kabla ya utumwa kufutwa Unguja kwa sheria mwaka 1897. Baada ya nazi na gharama ya makuti karani ameandika: wanawake wa shamba saba, watoto watano, na mbele yake pishi za mtama. Tulisoma kwa sauti, kisha tukanyamaza. Mjukuu akauliza, "Hawa ni nani, Maalim?" Tukamwambia kwamba daftari halisemi.

Bibi yake, aliyekuwa amekaa na tasbihi yake tukidhani amesinzia, akasema, "Daftari halisemi, mimi nasema. Wawili katika hao watoto nimewakuta, vikongwe, nami mdogo. Na mama ya mmoja nilikuwa nikisikia akitajwa." Akatutajia majina matatu, na kijiji walichohamia baadaye. Mjukuu akatupa penseli, tukayaandika pembeni ya nakala, kwa herufi za Kiarabu, tukatia alama za irabu zote ili asije mtu akayakosea.